Plagi ya Tatu

Plagi ya tatu ilikatika Jumapili, saa tano kasorobo asubuhi, mbele ya watu saba.

Haikukatika kwa kishindo. Ilitoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu kilichokanyagwa, na lile bomba refu ambalo Injinia alikuwa amelichomeka kwenye mpini wa spana likawa jepesi ghafla mikononi mwake. Alijua palepale. Akabaki ameinama chini ya boneti, anatazama pasipo na cha kutazama, ili asilazimike kugeuka.

"Imetoka?" akauliza kinyozi. Alikuwa amehamisha kiti cha wateja wake mpaka ukingoni mwa barabara ili asipitwe. Mteja mwenyewe alikuwa amekaa humo, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Inatoka."

"Mbona umetulia?"

"Hatua hii inataka utulivu."

Binti wa Injinia, wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa ukutani na rafiki zake wawili wa shule, aliowaalika mahsusi waje wamwone baba yake akifungua injini. "Si niliwaambia?" akawanong'oneza. "Hana papara."

Kiganjani Injinia alikuwa na nusu ya juu ya plagi. Nusu ya chini ilibaki ndani ya injini, imezama kama jino lililovunjikia kwenye ufizi.

Plagi zenyewe si kitu kikubwa. Ni vijiti vinne vya chuma, kila kimoja kinene kama kalamu, kazi yake kuipasha moto injini ya dizeli kabla haijawaka. Siku za joto gari linaweza kuwaka bila hivyo. Siku za baridi, gari kuukuu lenye plagi zilizokufa haliwaki hata ulibembeleze vipi. Na siku hizi zilikuwa za baridi, tena za mvua.

Kwa wiki tatu gari hilo lilikuwa likiwashwa kwa kusukumwa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, Injinia alikaa kwenye usukani, mama mkwe wake akakaa kiti cha nyuma amefunikwa blanketi, na majirani wakatoka vitandani kulisukuma. Figo za mama mkwe zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki alitakiwa hospitali kuu akasafishwe damu kwa mashine, zamu yake saa kumi na mbili, na anayechelewa nafasi yake anapewa mwingine. Teksi msimu wa mvua hazikushuka mpaka kwao. Ziliishia barabara kuu, na kufika barabara kuu ni kupanda mlima wa tope ambao mama wa miaka sabini na moja, mwenye miguu iliyojaa maji, hawezi kuupanda. Gari lao lililokaa juu kama trekta ndilo pekee lililouweza.

Mwanzoni majirani walisukuma kwa utani. "Injinia," kinyozi alikuwa akiuliza kila alfajiri, "hili gari lako linatumia dizeli au linatumia watu?" Wote wanacheka, Injinia naye anacheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Ijumaa iliyopita muuza nyama aliteleza. Alianguka kifudifudi kwenye tope akiwa na koti lake jeupe la kazini, lililofuliwa na kupigwa pasi. Akainuka, akajitazama, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba zote: "Injinia gani huyu anasukumwa kama toroli?"

Na Injinia, badala ya kusema pole, akatoa kichwa dirishani. "Asiyejua injini ndiye mwenye maneno mengi! Kuanzia leo sisukumwi na mtu hapa. Ni plagi nne tu, kazi ya dakika arobaini, nafunga mwenyewe!" Akakanyaga mafuta, na gurudumu la nyuma likamrushia muuza nyama tope la pili.

Ndiyo maana Jumapili hii muuza nyama alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu asubuhi, mikono kifuani. Dakika arobaini zilikuwa zimeshapita mara tatu.

"Naenda kuchukua kifaa," Injinia akawaambia watazamaji, akaingia ndani na nusu ya plagi ndani ya ngumi.

*

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Hakuacha kukanyaga.

"Imekatika," Injinia akasema.

"Ngapi?"

"Moja. Mbili za kwanza zimetoka salama, mpya zimeingia. Hii ya tatu ilikuwa na kutu."

"Injini ilikuwa ya moto?"

Akakigeuza kile kipande kiganjani.

"Nakuuliza wewe, bwana. Mimi si fundi, lakini maneno hayo nayasikia tangu unioe. Plagi haifunguliwi injini ikiwa ya baridi. Weka mafuta ya kutu siku moja kabla. Usichomeke bomba kwenye spana. Ulikuwa unayaimba hata ukinyoa ndevu. Ilikuwa ya moto?"

"Ingekuwaje ya moto na haiwaki bila kusukumwa?"

"Si ungeomba usukumwe?"

"Na nani? Yule? Baada ya Ijumaa?"

Cherehani ikasimama. Mkewe akang'ata uzi, akaukata. "Kwa hiyo umeikata kwa sababu uliona aibu kuomba."

"Nimeikata kwa sababu ilikuwa na kutu."

"Haya. Ilikuwa na kutu."

Kulikuwa na jambo ambalo mtaa haukulijua, na wawili hawa walilijua. Injinia hakuwa injinia. Alikuwa mtunza stoo wa chuo cha ufundi. Chuo kilimpa kila mfanyakazi ovaroli ya bluu yenye nembo kifuani, kuanzia mkuu wa idara mpaka mfagiaji, na siku walipohamia hapa miaka tisa iliyopita mtu mmoja aliiona ile nembo akasema, "Karibu, injinia." Hakusahihisha. Wiki ya pili kusahihisha kukawa kugumu, na mwaka wa pili kukawa hakuwezekani. Alikaa nyuma ya dirisha lenye nondo, wanafunzi wakaazima spana na soketi, akaandika namba, wakarudisha. Kwa dirisha hilo alisikia kila kinachofundishwa karakana. Alijua kila kitu ambacho mtu anaweza kujua bila kushika.

"Mwite yule fundi wa kike wa barabara kuu," mkewe akasema.

"Yule alisoma chuoni kwetu."

"Ndiyo, basi atajua kazi."

"Ananijua, mama. Akija hapa ataniita jina la kule."

Mkewe akatazama nje. Juu ya dirisha lake kulikuwa na kibao alichokiandikisha mwenyewe kwa rangi nyekundu: USHONAJI KWA MAMA INJINIA. Shule ya sekondari ilimpa kazi ya sare kwa ajili ya kibao hicho, au angalau yeye aliamini hivyo.

"Na mimi nimelila hilo jina," akasema polepole. "Sina mdomo wa kukucheka. Lakini kesho ni Jumatatu."

*

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, kitandani, miguu juu ya mito miwili. Ukuta kati ya vyumba hivyo ulikuwa wa mbao. Injinia aliingia kumpa habari za kumtuliza, na alikuwa ameziandaa: kuna kifaa kimekosekana, kesho asubuhi kitapatikana, asiwe na wasiwasi.

Akamkuta anamimina chai kutoka kikombeni kuirudisha kwenye chupa. Nyingine ikamwagikia kwenye sinia.

"Mama, mbona hunywi? Imepoa?"

"Haijapoa, baba. Iko vizuri kabisa."

"Basi kunywa. Si daktari amekuruhusu vikombe vitatu kwa siku?"

"Vitatu ni vya anayekwenda kusafishwa kesho." Akafunga chupa kwa uangalifu, akaifunga mara mbili. "Kama nakaa mpaka Jumatano, maji yote ninayokunywa leo yatanikaa hapa." Akagusa kifua. "Ile mara niliyokosa zamu unaikumbuka. Nililala nimekaa. Basi nimeona heri nianze mapema."

"Nani kasema hatuendi kesho?"

"Hakuna aliyesema." Akamtazama, midomo mikavu, imepasuka pembeni. "Wewe usijali. Nikiwa na kiu nafumba macho tu. Usimwambie mwanangu, atalia, na ana sare za watu za kumaliza."

Injinia akasimama pale na maneno yake ya kutuliza. Hakupata pa kuyaweka. Mwanamke huyu alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao, na badala ya kusema mkwe wangu kaombe usukumwe, alikuwa ameamua kukaa na kiu ili mkwewe asiaibike.

Akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Karakana ya fundi ilikuwa kontena moja na kipande cha ardhi nyeusi kwa oili. Mwenyewe alikuwa chini ya lori, miguu nje. Aliposikia hatua alijivuta, akaona ni nani, akaruka kusimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Baba Stoo! Jamani! Leo umetoka dirishani?"

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Unajua mpaka leo nikipoteza soketi namba kumi nakusikia wewe? 'Kumi ndiyo hupotea, binti, ihesabu mara mbili!'" Akacheka, kisha akaona uso wake. "Kuna nini, baba?"

Akafungua ngumi. Fundi akachukua ile nusu ya plagi, akaigeuza, akaipeleka kwenye mwanga. Hakuuliza nani. Akauliza, "Injini ilikuwa ya baridi?"

"Ya baridi."

"Na ulitia bomba."

"Nilitia."

Fundi akamrudishia kipande bila neno, na hilo lilimuuma kuliko angegomba. Huyu ndiye yule ambaye mwaka wa kwanza alikuja dirishani analia kwa sababu wavulana walimficha spana, na mtunza stoo akamwazima za kwake kabatini. Sasa alikuwa anakusanya vifaa vyake kwenye begi, haraka, kama daktari aliyeitwa.

"Kuna jambo moja," Injinia akasema. "Kule nyumbani. Ukifika. Usiniite Baba Stoo."

"Nikuite nani?"

Aliangalia lori. "Kule wananiita Injinia."

Alitegemea acheke. Hakucheka. Alifunga zipu ya begi mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba," kwa sauti ile watu wanayotumia kwa mgonjwa.

*

Watazamaji walikuwa bado wapo. Mteja wa kinyozi naye bado nusu kichwa.

"Kumbe kifaa chenyewe ni mtu!" kinyozi akasema. "Injinia analetewa fundi?"

"Nimekuja kumsaidia Injinia," fundi akajibu, na akatimiza ahadi yake kila sentensi. Injinia nishikie tochi. Injinia mbili za kwanza umezikaza vizuri. Injinia hebu sogea kidogo. Kila mara jina lilimchoma. Alikuwa amelivaa miaka tisa bila kuhisi uzito wake, na sasa msichana huyu mwaminifu alikuwa anamtwika upya, neno kwa neno, mbele ya binti yake anayetabasamu ukutani.

Fundi akachungulia kwenye tundu la tatu, akagusa kwa sindano ndefu, akasimama. Alisema kwa sauti ya kazi, wala hakukusudia wasikie wengine, lakini mtaa mzima ulikuwa umenyamaza.

"Hiki kilichobaki kimekwama, na kimeziba tundu vizuri. Hakitoki leo. Nikilazimisha nitaharibu kichwa cha injini chote. Wiki ijayo nitakuja na kifaa chake. Kitashikilia, gari litatembea. Ya nne lazima itoke leo, ukipata plagi tatu nzima una nafasi ya kuwaka kesho. Lakini siigusi ikiwa hivi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hafungui plagi injini ikiwa ya baridi. Lazima iwake kwanza, izunguke nusu saa ipate moto. Na kuwaka…" Akatazama ile tambarare ya tope mbele ya nyumba. "Inabidi isukumwe."

"Unaweza kuwaomba?" Injinia akanong'ona.

"Mimi nitashika usukani," fundi akasema, naye kwa kunong'ona. "Mimi ni mgeni hapa. Wa kuomba ni wewe, baba."

Kutoka kwenye gari mpaka mlango wa muuza nyama ni hatua ishirini na mbili. Bila muuza nyama gari halitoki. Alikuwa na mabega ya watu wawili, na wengine walisukuma pale tu aliposukuma yeye. Injinia alizitembea hatua zile na ovaroli yake ya bluu, safi, nembo kifuani. Koti jeupe lilikuwa limeanikwa kwenye kamba pembeni ya mlango. Doa la tope lilikuwa limekataa kutoka.

"Jirani," akasema.

"Injinia."

"Naomba mnisukume."

Muuza nyama hakubadilisha mikono yake. "Nilidhani Ijumaa ulisema husukumwi tena na mtu."

"Nilisema."

"Tena ulisema sisi hatujui injini."

"Nilisema."

"Sasa wewe unayejua, hebu nieleze mimi nisiyejua. Huyu fundi kasema hapo, nimemsikia kwa masikio yangu mawili, hata mtoto wa mwaka wa kwanza hafanyi ulichofanya. Injinia mzima. Imekuwaje?"

Uongo ulikuwepo, tayari, umekunjwa vizuri. Plagi zenyewe ni za bandia; kiwanda kimekosea uzi wa kukazia. Wangeamini. Wangesukuma, huku wanakilaani kiwanda. Injinia akafungua mdomo kuusema, na mdomo ulikuwa mkavu, na ukavu ule ukamkumbusha chupa ya chai iliyofungwa mara mbili.

"Mimi si injinia," akasema.

"Nini?"

"Mimi si injinia. Ni mtunza stoo. Wanafunzi wanakuja dirishani kuazima vifaa, naandika namba zao. Hiyo ndiyo kazi yangu miaka yote. Leo ni mara ya kwanza maishani kufungua plagi. Nilijua injini inatakiwa iwe ya moto. Sikutaka kuja kukuomba, ndiyo maana nikaifungua baridi."

Kinyozi alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Ukutani rafiki mmoja wa binti akamgeukia binti. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

Muuza nyama alishusha mikono. "Subiri kwanza," akasema taratibu, kama mtu anayepekua mifuko. "Subiri. Mashine yangu ya kusagia nyama."

Injinia alijua kwamba hilo litakuja.

"Mwaka juzi ilisimama. Nikakuita, ukaja na hiyo hiyo ovaroli. Ukaweka sikio, ukagonga mara mbili, ukasema mota imekufa, haina dawa. Nikaiuza kwa wa chuma chakavu. Kwa kilo, bwana! Mashine nzima, kwa kilo! Ilikuwa imekufa?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikujua wakati ule na sijui sasa. Ulikuwa umesimama na wateja wako, wote wananitazama. Niliona aibu kusema sijui."

"Miaka miwili nasaga kwa mkono!" Muuza nyama akaunyanyua mkono wenyewe, wa kulia, mnene kuliko wa kushoto, akauweka mbele ya pua ya Injinia. "Miaka miwili! Mke wangu ananikanda bega kila siku ya Mungu! Na mimi nakusifia kwa watu, kwamba bwana yule hapotezi muda, akiangalia tu kajua!"

"Nisamehe."

"Sikusamehi." Alisema bila hasira, kama anayekataa kukopesha. Akatazama dirisha la chumba cha pili, pazia lake limesogea kidogo. "Yule mama anaendeleaje?"

"Hajanywa kitu tangu asubuhi. Anaogopa kesho hatuendi."

Muuza nyama akavua viatu vyake, akavipanga mlangoni, akakunja suruali mpaka magotini. "Nakuja kwa ajili yake. Wewe usinishukuru, wala usinizoee. Na leo hukai kwenye usukani."

*

Kwa wiki tatu Injinia alikuwa ndani ya gari, kiti kikavu, akiwapigia watu kelele dirishani: nguvu, nguvu, ongezeni nguvu. Hakuwahi kulisukuma. Hakujua kwamba chuma cha nyuma kinakata viganja, wala kwamba tope huwa baridi kiasi kile, wala kwamba mtu anayesukuma haoni mbele, anaona miguu yake tu na ya jirani yake. Miguu ya muuza nyama ilikuwa kando ya yake, mipana, inazama na kung'oka. Kinyozi upande wa pili. Hata mteja mwenye nusu kichwa alikuja.

"Gia ya pili!" fundi akaita kutoka ndani. "Nikiachia klachi msisimame!"

Mara ya kwanza gari liliguna likakataa. Mara ya pili Injinia alianguka magoti yote mawili. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyempa mkono. Akainuka. Mara ya tatu injini ilikohoa, ikatapika wingu jeupe juu ya vichwa vyao, ikashika.

Walisubiri nusu saa likinguruma. Muuza nyama aliondoka bila kuaga. Fundi alipogusa injini kwa mgongo wa mkono akaridhika, akaizima, akachukua spana fupi, ile isiyo na bomba, akampa Injinia.

"Fungua wewe."

"Nitaikata."

"Fungua taratibu, baba. Ukihisi inakaza, simama."

Akaigeuza. Ilikaza kidogo, kisha ikaachia, laini, kama kifuniko cha chupa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Aliitoa, akaingiza mpya, akaikaza kwa vidole kwanza halafu kwa spana, robo mzunguko, kama alivyosikia kwa miaka yote kupitia dirisha lenye nondo.

"Kesho inaweza kuwaka, inaweza isiwake," fundi akasema. "Tatu si nne. Usitegemee. Panga watu."

"Malipo?"

"Tutaongea siku nikitoa hicho kipande." Akapandisha begi begani, akasita. "Kwaheri, Baba Stoo," akasema kwa sauti ya kawaida, na mtaa ukasikia.

*

Binti yake ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa, nyuma ya nyumba. Rafiki zake walikuwa wameshaondoka. Alimimina bila kumtazama, kopo baada ya kopo, na tope jeusi likashuka mpaka kwenye viwiko.

"Nilimwambia mwalimu wetu wa hesabu," binti akasema, "kwamba wewe ndiye ulitengeneza gari la mkuu wa chuo."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Wewe."

Injinia akaendelea kusugua mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Ulinihadithia nikiwa darasa la tatu. Mpaka ukaniambia lilikuwa la rangi gani." Akaweka kopo chini. "Mwalimu aliniuliza tena wiki iliyopita. Anataka ukamwangalizie la kwake."

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Usije shuleni," binti akasema haraka. Kisha, kwa sauti ndogo: "Bado. Usije bado." Akaingia ndani.

Mbele ya nyumba mkewe alikuwa juu ya kiti, na bisibisi. Kibao kilikuwa kimeshatoka upande mmoja, kinaning'inia. Alimwona mumewe, akaendelea na skrubu ya pili.

Injinia alirudi barabarani kwa miguu mitupu, akagonga milango mitatu. Hakukaa sana kwenye mlango wowote. Aliporudi alipitia jikoni, akapasha chai moto kwenye birika, akalibeba pamoja na kikombe na kwenda chumba cha pili.

Mama mkwe alikuwa macho, anatazama mlango.

"Linawaka?" akauliza.

"Huenda likawaka, huenda likasukumwa."

"Nani atasukuma?"

"Kinyozi. Yule mpangaji wa nyumba ya kona. Muuza nyama amesema atakuja, lakini nisimsemeshe."

"Hao watatu hawatoshi."

"Na mimi."

"Wewe?" Akamtazama magoti, ambako ovaroli ilikuwa imechanika. "Na usukani atashika nani?"

"Mwanao."

"Mungu wangu," mama mkwe akasema. "Yule aliyegonga banda la kuku?"

"Huyo huyo."

Kifua chake kikatikisika kidogo; kilikuwa kicheko. Akampima mkwewe, si maneno yake bali uso wake, jinsi mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo. Kisha akajiinua kwenye mto, taratibu, akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi mimina," akasema.